Mtaa mmoja wa New York, Kiyidishi na Kichina kwenye meza moja

KILA mwaka, Jumapili moja ya mwezi Juni, kipande kifupi cha Barabara ya Eldridge, upande wa kusini-mashariki wa Manhattan jijini New York, hufungwa magari yasipite. Meza na vibanda hupangwa mbele ya sinagogi kuukuu la matofali. Kwenye meza moja mwandishi wa Torati huandika herufi za Kiebrania kwa kalamu ya unyoya juu ya ngozi. Kwenye nyingine mtaalamu wa hati za Kichina huchovya brashi katika wino mweusi. Wapigaji wa klezmer, muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wakinyamaza, waimbaji wa opera ya Kichina hushika zamu. Kuna karatasi zinazokatwa kwa mkasi ziwe maua na ndege, sanaa ambayo jamii zote mbili zinayo tangu zamani. Na kama ilivyo katika kila tamasha duniani, foleni ndefu kuliko zote ni ya chakula.

Tamasha hilo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na likapewa jina la vitu viwili vya kutia mdomoni: "Egg Rolls and Egg Creams". Cha kwanza ni cha Wachina, cha pili cha Wayahudi. Sisi wa ukumbi huu wa lugha hatuwezi kupita jina kama hilo bila kulikagua, kwa sababu lina kichekesho ndani yake. Maneno yote mawili yanaanza na yai. Sasa mwulize mwenye kibanda akupe hiyo egg cream uone inavyotengenezwa: maziwa kidogo, sharubati ya chokoleti, kisha maji ya soda yanayofoka hadi povu jeupe lifike ukingoni mwa glasi. Yai halimo, na malai hayamo! Egg roll nayo ni kitu cha kukaangwa kinachofanana kwa mbali na sambusa iliyoviringishwa, na tumboni mwake mna kabeji na nyama. Yai likiwamo basi ni lile lililokandwa katika unga wa ganda lake.

Jina la kinywaji hicho limewasumbua wengi. Simulizi nyingi humtaja Louis Auster, Myahudi aliyekuwa na duka la peremende katika mitaa hiyo, kuwa ndiye mwanzilishi. Wengine husema zamani mayai yalikuwamo, bei ikawashinda watu, yakaondolewa na jina likabaki. Wapo pia wanaodai kuwa hilo "egg" si yai hata kidogo, bali ni neno la Kiyidishi *ekht*, maana yake "halisi", lililotamkwa vibaya na wasiokijua Kiyidishi. Mimi dai hili la mwisho silinunui. Lina harufu ya etimolojia ya barazani, ile ambayo mtu hulisikia neno, akatafuta jingine linalofanana nalo, akaridhika. Lakini hata dai bovu la etimolojia hutuambia jambo: kwamba watu wa mtaa ule walikuwa wakisikia lugha mbili kwa pamoja, na waliona kawaida neno kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hebu turudi nyuma tuone ilikuwaje Mchina na Myahudi wakawa majirani. Msomaji asidhani walichaguana. Mwaka wa 1882, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na waliokuwa tayari ndani wakanyimwa njia ya kupata uraia. Wachache waliofika New York walijibana katika barabara tatu, Mott, Pell na Doyers, wengi wao wanaume watupu, kwa kuwa wake zao hawakuruhusiwa kuwafuata. Miaka mitano baadaye, Septemba 1887, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, sinagogi la Barabara ya Eldridge lilifunguliwa. Waliolijenga walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi, Poland na nchi jirani, watu wa kushona nguo na kuuza bidhaa kwa mikokoteni. Kati ya miaka ya 1880 na 1924, zaidi ya Wayahudi milioni mbili wa Ulaya Mashariki waliingia Marekani, na sehemu kubwa yao walianzia maisha katika vyumba vya giza vya Lower East Side. Mmoja alifungiwa mlango, mwingine akafunguliwa. Mwaka wa 1924 mlango ulifungwa kwa wote: sheria mpya ilipunguza mno idadi ya wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki na kuwazuia karibu Waasia wote.

Kuna kisa cha mwaka 1903 ambacho kwa maoni yangu ndicho asili ya tamasha hili, ingawa karibu karne nzima iko katikati. Mwezi wa Aprili mwaka huo, wakati wa Pasaka, umati uliwavamia Wayahudi wa mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya himaya ya Urusi na ambao leo ni mji mkuu wa Moldova. Wayahudi 49 waliuawa. Habari zilipofika New York, Wachina wakiongozwa na akina Joseph Singleton, Mchina aliyejipa jina la Kiingereza, waliandaa maonyesho katika jumba lao la michezo ya kuigiza la Barabara ya Doyers, na mapato yakaenda kwa wahanga. Fikiria hali yenyewe. Watu wasio na uraia, ambao sheria ya kuwafungia nje ilikuwa imeongezwa muda mwaka mmoja tu kabla ya hapo, wanawachangia wageni wenzao pesa kwa msiba uliotokea Ulaya. Lakini msiba wa namna hiyo haukuwa mgeni kwao. Mwaka wa 1900, katika mji wa Blagoveshchensk, maelfu ya Wachina walikuwa wamesukumwa na Warusi hadi ndani ya mto Amur, na wengi wakazama. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufasiriwa neno "Kishinev".

(Msomaji wa Eldoret ana sababu ya kuukumbuka mwaka huo. Agosti 1903, miezi minne baada ya mauaji ya Kishinev, mkutano wa Wazayuni mjini Basel ulijadili pendekezo la Uingereza la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Vitabu huliita Mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyokuwa ikizungumziwa ni uwanda wa Uasin Gishu. Tume ilitumwa kuukagua, na mkutano wa 1905 ukalikataa pendekezo. Wanandi na Wamaasai, ambao uwanda huo waliujua kwa majina ya kila kilima, hawakuulizwa neno.)

Sasa tuje kwenye lugha. Aliyepita Barabara ya Eldridge mwaka wa 1910 hakusikia Kiebrania, isipokuwa katika sala. Lugha ya sokoni, ya jikoni, ya matusi na ya mapenzi ilikuwa Kiyidishi. Mpenzi wa Kiswahili akikitazama Kiyidishi kwa makini atadhani anatazama kioo. Mifupa yake ni ya Kijerumani cha enzi za kati, kama mifupa ya Kiswahili ilivyo ya Kibantu. Juu ya mifupa hiyo pamewekwa nyama ya Kiebrania na Kiaramu, lugha za dini, kisha maneno ya Kislavoni yaliyookotwa kwa majirani. Na kwa karne nyingi kimeandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama vile Utenzi wa Tambuka ulivyoandikwa Pate mwaka wa 1728 kwa herufi za Kiarabu. Hata mgawanyo wa kazi kati ya maneno unafanana. Katika Kiyidishi, kitabu kitakatifu huitwa *seyfer*, neno la Kiebrania. Kitabu chochote kingine ni *bukh*, neno la Kijerumani. Nasi tunao msahafu, ambao si kila kitabu, na tunalo buku la kuandikia madeni ya dukani. Chakula kilichokatazwa na sheria ya dini huitwa *treyf*, kwa asili "kilichoraruliwa", yaani nyama ya mnyama aliyeraruliwa na mwingine. Mtu wa pwani anayejua neno kibudu hahitaji maelezo zaidi.

Na kama Kiswahili, Kiyidishi nacho kilidharauliwa na baadhi ya wasomi kwa kuitwa lugha chotara, ati ni Kijerumani kilichoharibika. Jibu lilitolewa kwa matendo. Mwaka wa 1897 lilianzishwa gazeti la *Forverts*, na kufikia 1912 lilikuwa na jengo lake la ghorofa kumi katika barabara ya East Broadway, jina lake likiwa juu kwa herufi za Kiebrania. Chini ya mhariri wake mashuhuri, Abraham Cahan, gazeti hilo lilikuja kuuza zaidi ya nakala 200,000 kwa siku. Lilikuwa na safu ambamo wasomaji waliuliza mambo yaliyowakwaza: mume aliyetoroka, binti anayetaka kuolewa na asiye wa dini yao, aibu ya kutojua Kiingereza. Humo ndimo Isaac Bashevis Singer alimochapishia hadithi zake kabla ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1978, akiwa mwandishi wa lugha ambayo wengi walishaizika.

Kuzikwa huko si maneno ya sitiari. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wasemaji wa Kiyidishi walikuwa takriban milioni 11. Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi wengi wao walikuwa wasemaji wa lugha hiyo. Waliosalimika wakagawanyika: Israeli ilichagua Kiebrania, Urusi ya Kisovieti ikabana, na Marekani ikafanya kile inachofanya kwa lugha zote za wageni, yaani kumpa mjukuu Kiingereza na kumwachia bibi lugha ya kwao.

Ndipo chakula kikaingia kushika nafasi. Tayari mwaka wa 1899 jarida moja la Wayahudi wa New York lilikuwa likiwakaripia waumini waliokula katika hoteli za wasiofuata sharia zao, za Wachina zikiwamo. Karipio halikusaidia kitu. Torati inakataza kuchanganya nyama na maziwa, na bahati ni kwamba mpishi wa Kichina karibu hatumii maziwa kabisa. Inakataza nguruwe pia, lakini katika egg roll nguruwe huyo amekatwakatwa na kufunikwa hata macho hayamwoni. Wanasosholojia Gaye Tuchman na Harry Levine, walioandika juu ya jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990, walieleza kuwa hicho kilikuwa kibudu kisichotisha. Zaidi ya hayo, mkahawa wa Kichina haukuwa na msalaba ukutani, na mwenye mkahawa mwenyewe alikuwa mgeni kuliko mgeni. Siku ya Krismasi, jiji lote likifunga, mlango wake ulikuwa wazi. Mwaka wa 1959 mkahawa wa Bernstein, Barabara ya Essex, ulianza kupika vyakula vya Kichina kwa kufuata sharia za Kiyahudi, na ubishi ukaisha. Mwaka wa 2010 Elena Kagan, alipokuwa akihojiwa na maseneta kabla ya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliulizwa alikuwa wapi siku ya Krismasi. Alijibu kuwa, kama Wayahudi wote, pengine alikuwa katika mkahawa wa Kichina. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Mchezo wa mahjong, ambao huwa na meza zake katika tamasha, ulipita njia kama hiyo. Uliletwa Marekani miaka ya 1920 ukawa fasheni, fasheni ikapita. Waliobaki nao ni kina mama wa Kiyahudi wa New York, ambao mwaka wa 1937 waliunda chama chao na kuweka kanuni zao. Hadi leo chama hicho hutoa kadi mpya kila mwaka. Mchina akiketi kwenye meza hiyo itabidi afundishwe upya mchezo wa kwao.

Sinagogi nalo lilikuwa likifa polepole. Baada ya 1924 wapya hawakuja, na wa zamani walipopata pesa walihamia Brooklyn na Bronx. Kufikia miaka ya 1950 ukumbi mkuu ulifungwa, na wazee wachache waliobaki wakawa wakisalia chini, katika chumba kidogo. Profesa Gerard Wolfe wa Chuo Kikuu cha New York alipoingia katika ukumbi huo miaka ya 1970 alikuta njiwa wameufanya makao, na vumbi limetanda juu ya viti. Mwaka wa 1986 mwandishi Roberta Brandes Gratz alianzisha mradi wa kuliokoa jengo. Kazi ilichukua miongo miwili na takriban dola milioni 20, ikakamilika mwaka wa 2007. Leo ni jumba la makumbusho, ingawa sala hazijakoma.

Lakini mafundi walipokuwa wakipanda ngazi ndani, barabara nje ilikuwa imebadilika. Sheria ya 1965 ilifungua tena mlango wa Marekani kwa Waasia, na mtaa wa Wachina ukavuka mipaka yake ya zamani ukalizunguka sinagogi pande zote. Na hapa ndipo neno "Kichina" katika tangazo la tamasha linaponikera kidogo. Kichina kipi? Wa kwanza kufika walitoka Taishan na sehemu nyingine za mkoa wa Guangdong, wakisema Kitaishan na Kikantoni. Kuanzia miaka ya 1980 wakaja watu wa Fuzhou, mkoani Fujian, wakajaza East Broadway hadi ikaitwa Fuzhou Ndogo. Mkantoni na Mfuzhou, kila mmoja akisema lugha ya mama yake, hawaelewani. Hata hivyo huambiwa kuwa wanasema "lahaja". Max Weinreich, mtaalamu mkubwa wa Kiyidishi aliyeishia New York, ndiye aliyeueneza ule usemi kwamba lugha ni lahaja iliyo na jeshi. Alikuwa akiitetea lugha isiyo na hata askari mmoja. Alichosema kuhusu Kiyidishi kingeweza kusemwa katika kila duka la mboga la barabara hiyo, kwa kuwa lahaja yenye jeshi huko China ni Kimandarini, na ndicho watoto wa mtaa ule wanachofundishwa zaidi katika madarasa ya jioni, bila kujali nyanya zao walisema nini.

Maneno ya chakula yanahifadhi tabaka hizi vizuri kuliko mabango. Mwamerika yeyote anajua *wok*, karai la Kichina. *Chow mein*, tambi za kukaanga. Na *dim sum*, vitafunio vya asubuhi. Yote ni matamshi ya watu wa Guangdong. Kwa Kimandarini ni *guo*, *chaomian* na *dianxin*, ambayo Mwamerika akiyasikia hayatambui. Yaani menyu ya mkahawa ni rejista ya nani alitangulia kufika. Hata kikombe chetu cha asubuhi kina habari hiyo: Kiswahili kilipata chai kutoka kwa Waajemi na Wahindi, ambao neno *cha* liliwafikia kwa njia ya nchi kavu. Waingereza walisema *tea* kwa sababu Waholanzi walilichukua neno bandarini Fujian, kwa wasemaji wa Kimin cha kusini. Wafuzhou ni watu wa mkoa huo huo, ila Kimin chao ni cha mashariki, na Kiingereza cha New York hakijachukua kwao karibu neno lolote. Walichelewa, meza ilikuwa imeshaandikwa majina.

Miaka ya karibuni tamasha limeongezewa neno la tatu, *empanada*, kwa heshima ya Wapuerto Rico waliojaa mitaa hiyo kati ya kuondoka kwa Wayahudi na kuenea kwa Wachina. Ni andazi lililofungwa nyama ndani, na jina lake kwa Kihispania ni "kilichofunikwa na mkate". Jambo jema, na lilichelewa. Ila sipendi kujidanganya kuhusu kinachohifadhiwa pale. Mgeni hujifunza salamu mbili za Kiyidishi na mbili za Kichina, hula, huenda zake. Jengo la *Forverts* ni la makazi ya kifahari sasa, herufi zake za Kiebrania zikiwa pambo juu ya wapangaji wasiozisoma. Kodi zinapanda Barabara ya Eldridge vilevile, na Wafuzhou wengi wamehamia Sunset Park kule Brooklyn au Flushing kule Queens, kama wenzao wa sinagogi walivyohama kabla yao. Wazazi wengi wa Kifuzhou waliofanya kazi usiku na mchana mikahawani waliwapeleka watoto wao wachanga kwa babu na nyanya huko Fujian. Watoto hao hurudi New York wakifika umri wa kuanza shule, hawajui Kiingereza wala hawawajui wazazi vizuri. Lugha ya nyanya wanayo kwa wakati huo. Darasa la kwanza huanza kuiondoa.

Kiyidishi chenyewe hakijafa, kimehamia ng'ambo. Ukitoka sinagogi ukavuka daraja la Williamsburg, lililofunguliwa Desemba ya mwaka ule ule wa 1903, unateremkia katika mitaa ya Wahasidi, Wayahudi wa mrengo mkali wa dini, wengi wao wajukuu wa Wayahudi wa Hungary na Romania walionusurika kambi za mauaji. Huko mabasi ya shule yana maandishi ya Kiyidishi ubavuni, magazeti ya Kiyidishi hutoka kila wiki, na watoto hugombania baiskeli kando ya barabara kwa Kiyidishi.